Lenzi za Usiku na Mkono wa Babangu

Mbuzi wa Mama Auma alikula shati la mpangaji wa nyumba ya tatu, na mimi ndiye nilikuwa nimewekwa pale kulinda nguo. Hiyo ndiyo kumbukumbu yangu ya zamani kabisa ya Kibera. Haihusiani na ninachotaka kueleza, lakini kila nikianza kueleza hicho kingine mbuzi huyo anatangulia mbele yangu, basi acha nimpitishe kwanza tuendelee.

Mama Auma alikuwa jirani yetu, mama wa kutoka kule ziwani, akikaanga samaki mbele ya mlango wake tangu asubuhi mpaka watu warudi kutoka kazini. Mbuzi wake alikuwa wa kahawia. Mamangu naye alikuwa akifulia watu nguo, na siku hiyo aliniketisha juu ya jiwe akaniambia mtu yeyote akigusa zile zilizo kwa kamba nimwite. Nikakaa. Baadaye nikaona bibi mmoja mzee, amejifunga leso ya kahawia, ameinama vile wazee huinama, amesimama kwa kamba. Akavuta mkono wa shati, akaunusa, akauangalia kama wamama wanavyokagua nguo sokoni. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mtu mzima hakodolewi macho. Nikamwamkia kwa adabu. Hakuitikia. Nikasema huyu labda hasikii vizuri.

Mamangu alipotoka nje, shati lilikuwa limebaki kola na kifungo kimoja. Nilichapwa mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya shati, ya pili kwa ajili ya uongo, maana niliapa kwamba niliona bibi. Ploti nzima ilicheka, mpaka mwenye shati mwenyewe akaishia kucheka. Nikapewa jina, Mjukuu wa Mbuzi, na Mama Auma akinipa kichwa cha samaki alikuwa akielekeza kijiko kwa yule mnyama na kuniambia, "Msalimie nyanya yako." Katika kucheka huko kote hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni kwa nini mtoto wa miaka saba, mwenye akili zake, atazame mbuzi aliye hatua ishirini kutoka kwake aone bibi. Hata mimi sikujiuliza. Kumbe mbuzi anahusika, sasa ndiyo naona, na nilikuwa nimesema hahusiki.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Ninaishi Ayany siku hizi, kwa binti yangu Ndinda, upande huu tu wa Kibera ile ile, na asubuhi moja Ndinda alifungua pakiti ndogo mezani akatoa kitu cha mpira, kidogo kama ncha ya kidole, kina kikombe mbele. Kilikuwa kipya. Nilikishika nikakisogeza karibu na uso, maana mimi kila kitu nakisogeza karibu na uso, na harufu ya mpira ikanipiga puani. Nikaketi chini. Ndinda akaniuliza, "Baba, ni nini?" Nikamwambia ni magoti.

Kile kipira ni cha kutolea lenzi kwa jicho la Mwende. Mwende ni mjukuu wangu, ana miaka kumi na mmoja. Alipokuwa darasa la pili mwalimu aliona anatoka kwa dawati kwenda kusoma ubao akiwa amesimama, kama mtu anayesoma tangazo la kazi. Akapewa miwani. Mwaka uliofuata miwani ikawa haimtoshi, akapewa nyingine nzito zaidi, kisha nyingine. Daktari wa macho akamwelezea mamake kwamba jicho la mtoto kama huyu linarefuka kwenda nyuma, na jinsi linavyorefuka ndivyo vitu vya mbali vinavyozidi kufifia. Akasema kuna lenzi ngumu ngumu hivi ambazo mtoto anavaa akienda kulala. Zinalala naye usiku kucha, zinaukandamiza taratibu ule uso wa mbele wa jicho, asubuhi zinatolewa, na mtoto anashinda kutwa anaona mbali bila kuvaa chochote. Akikosa siku kadhaa macho yanarudi yalivyokuwa. Si dawa ya kuponya. Lakini kwa watoto wengi, alisema, ule urefukaji unapunguza mwendo.

Mimi nilikataa. Nilisema hadharani, mezani, ugali ukiwa mkononi, kwamba mtoto wa mtu halali na kitu ndani ya jicho. Ndinda aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Baba, wewe uliachia shule darasa la tatu kwa sababu ya ubao. Unataka niendelee na hiyo?" Nikaendelea kula.

Ndinda anaondoka nyumbani mapema kwenda kazini, kwa hiyo kazi ya asubuhi ikawa yangu. Nilifundishwa kama mwanafunzi. Nanawa mikono kwa sabuni, nakausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Mwende naye ananawa. Anaweka matone kila jicho, anapepesa mpaka lenzi icheze, kisha anashika kipira, anakigusisha katikati ya lenzi, na inatoka imekaa juu yake. Yeye ndiye anatoa; mimi nasimama tu nikiangalia asifanye haraka. Halafu mimi napangusa kipira, na lenzi zinaoshwa kwa dawa yake na kuwekwa kwa kisanduku chenye vikombe viwili, cha kulia na cha kushoto. Wiki ya kwanza dawa ilimwagika nikaona nizisuuze kwa maji. Nilikuwa nimeyachemsha mimi mwenyewe, yakapoa ndani ya chupa ya chai, maji ambayo kwetu hata mtoto mchanga angepewa. Mwende akanishika mkono kabla sijamimina. "Babu, maji hapana. Hata yakichemka." Mtoto wa juzi. Jioni nilisomewa sheria upya na mamake.

Basi kila asubuhi ananitolea zile lenzi, anachungulia nje dirishani na kuniambia anachoona. Ameona kuku juu ya mabati ya ng'ambo. Ameona mtu anapiga mswaki. Ameona jina la duka. Na mimi nasimama nyuma yake na ile harufu ya mpira kwenye vidole, nikiwa na miaka saba tena, maana hiyo ndiyo harufu ya babangu.

Babangu alikuwa fundi wa akala, vile viatu vya matairi ambavyo nyinyi wa rika langu mmevivaa hata kama leo mnakana. Alitoka Ukambani upande wa Kitui na kisu chake na akapata kijisehemu cha kukaa kando ya njia. Nyumba yetu yote ilinuka tairi. Nilianza kumsaidia kabla sijaota meno ya pili, na nilikuwa mzuri, sisemi kwa majivuno. Kwetu mtoto anayeinamia kazi husifiwa, anayeinua kichwa kila saa ndiye mvivu, na mimi nilikuwa naiinamia kazi mpaka pua inagusa mpira. Nilikuwa naona zile nyuzi nyembamba zilizomo ndani ya tairi moja moja. Babangu alikuwa akiwaonyesha wateja. "Mwangalie huyu. Kazi anaitazama kwa pua. Huyu atanipita." Wateja walitikisa kichwa, na mimi nilizidi kuinama ili nisifiwe zaidi.

Ndivyo ugonjwa wangu ulivyopata sifa badala ya dawa. Shuleni nilikuwa mrefu, nikawekwa nyuma. Ubao kwangu ulikuwa giza lenye vumbi jeupe, na nilidhani wenzangu wanaokota majibu kwa mwalimu kwa masikio. Nilinakili daftari la jirani yangu mpaka jirani akahamishwa, na hapo ndipo elimu yangu ilipokwisha.

Na nieleze vile nilivyokuwa nikiuona ulimwengu, kwa sababu bila hilo hamtanielewa. Mtu akiwa karibu nami alikuwa na pua na macho na makovu yake yote. Akienda hatua tano, uso unafutika. Kumi, anakuwa rangi ya nguo zake. Thelathini, anayeyuka kama sukari kwenye chai, na hapo alipokuwa panabaki hewa tu. Nilidhani kila mtu anaona hivyo. Nilidhani ndiyo sababu wamama hulia mtu akisafiri, kwamba wote wanamwona akiyeyuka. Na mtu akirudi, nilimwona akijiunga upya kutoka hewani, kwanza rangi, kisha mwendo, mwisho uso, na nikafikiri hiyo ni kazi ngumu anayoifanya kwa ajili yako, kujiunga tena, na kwamba asiyekupenda hatajisumbua.

Wazazi wangu waligombana mwaka huo wote. Babangu alikuwa amechoka na Nairobi, alitaka turudi kwao tukalime. Mamangu alisema mvua ya huko anaijua na hawezi kurudisha mtoto kwa njaa. Hakuna aliyempiga mwenzake. Walinyamaziana tu, na nyumba ya chumba kimoja watu wawili wakinyamaziana, mtoto anapumua kwa zamu.

Siku moja jioni tulikuwa tunakata kamba za viatu, mimi na yeye, mamangu amepeleka nguo za watu. Babangu akaongea bila kuinua macho kutoka kwenye kisu.

"Kesho asubuhi naenda nyumbani. Sitaki vita na mamako mlangoni, kwa hiyo nitatoka peke yangu. Nikifika pale kwa reli nitageuka. Nikikuita kwa mkono, uje mbio. Nisipokuita, ujue nimeona ubaki na yeye."

Nikamuuliza kama nimwambie mama. Akasema hapana. Akasema hata yeye hajui bado atafanya nini, atajua akifika pale. Kisha akanipa kipande cha tairi nikinyooshe, na hayo ndiyo mazungumzo marefu zaidi ambayo tuliwahi kuwa nayo.

Nilikuwa tayari kwenda. Hilo nataka liandikwe. Niliamka nikiwa nimeshavaa akala zangu, nikasema nina baridi miguuni. Nilimpenda mamangu, lakini babangu ndiye aliyesema nitampita, na mtoto huenda upande ambapo ameonwa.

Akanywa chai. Akachukua mfuko wake wa vyombo. Akapita karibu nami mlangoni na ile harufu yake, asiniguse. Nikatoka nikasimama nje, pale palipokuwa na jiwe langu la kulindia nguo. Alikuwa amevaa koti la kijivu. Akawa hana uso, maana alikuwa amenipa mgongo. Akawa rangi ya kijivu. Akapita kwa kamba za nguo, akapita kwa choo, akayeyuka.

Nikangoja ajiunge. Nilijua mahali reli ilipo kwa sauti tu, kwa treni, sikuwahi kuiona kutoka pale kwetu. Nilidhani akigeuka atatokea tena, kwamba mtu akikuita kwa mkono, mkono huo unarudi pamoja na uso wake, unauona waziwazi, kama vile unavyoona kitu kilicho mezani. Nilikodoa mpaka machozi yakatoka, si ya kulia, ya kukodoa. Mbele yangu palikuwa na hewa ya asubuhi na moshi wa Mama Auma. Nikasema moyoni, hajaniita.

Nilipogeuka, mamangu alikuwa mlangoni na beseni mkononi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Aliweka beseni chini, akaja akanishika kichwa akakibana kwenye tumbo lake, kwa nguvu, akinitikisa. Mchana kulikuwa na nyama. Mama Auma alinipa samaki mzima, si kichwa, na hakutaja mbuzi. Akaniambia, "Wewe ni mwanaume." Tangu siku hiyo jina la Mjukuu wa Mbuzi lilikufa. Watu wazima wa ploti walinipisha njiani. Nilifikiri wananihurumia kwa sababu babangu hakuniita, na niliwachukia kwa huruma hiyo.

Miaka ilipita, sitaihesabu. Tulihamia Kawangware mimi na mamangu, na nikajifunza kutengeneza saa, kazi ambayo jicho langu lilikuwa limezaliwa kwa ajili yake. Mafundi wengine walibana kioo kwenye jicho kuona meno ya gurudumu. Mimi niliweka tu aibu kando nikasogeza pua. Lakini nje ya kibanda, na hili sijawahi kumwambia mtu, babangu alikuwa kila mahali. Kila mwanaume mrefu wa koti la kijivu aliyekuwa mbali, kwangu angeweza kuwa yeye. Nilikuwa nikiacha saa ya mtu wazi mezani nimfuate mpaka ajiunge, apate uso wa mtu mwingine. Wengine waliniuliza, "Mzee, unataka nini?" ilhali nilikuwa kijana. Nilisema nimekufananisha. Kwa siku ningeweza kumwona mara nne au tano. Nilikuwa nimezoea kuishi naye hivyo.

Kisha kanisa moja likaleta watu wa macho, wakapima walevi na watakatifu pamoja, nami nikavalishwa miwani ya kwanza. Nilikuwa karibu kuoa. Nilitoka nje nikaona majani. Nilijua mti una majani, nilishayaokota, lakini sikujua yanaonekana yakiwa juu huko, kila moja na kazi yake. Nikatazama barabara na kila mtu aliyekuwa juu yake alikuwa na uso, mpaka mwisho wa barabara, na hakuna hata mmoja aliyekuwa babangu. Wenzangu walidhani nalia kwa furaha.

Sikurudi kibandani. Nilitembea kutoka Kawangware mpaka Kibera kwa miguu, nikaenda nikasimama pale penye jiwe. Jiwe lilikuwepo. Nikainua kichwa, na reli ilikuwa hapo. Hapo tu. Kijana mwenye mguu mzuri angerusha mpira ukafika. Mwanaume mmoja alikuwa amesimama juu ya tuta anamwita mtoto wake, kiganja kimetazama chini, vidole vinakunja na kukunjua, vile sisi sote huita mtu, na mimi kutoka pale niliona vidole. Niliviona kimoja kimoja.

Hapo ndipo hofu iliponiingia, na haikutoka. Lakini sikumuuliza mamangu. Ungeuliza vipi?

Aliniambia mwenyewe, kitandani, Kawangware, wakati alipokuwa hali tena ila uji. Ndinda alikuwa mdogo anacheza chini. Mamangu akasema, "Siku ile babako alikuita mara tatu. Niliona. Nilikuwa nyuma yako na beseni. Sikusema kitu, nilitaka nione utafanya nini. Nawe ukasimama kama mti. Ukamkataa kwa ajili yangu." Akapumzika. "Hiyo ndiyo imenilisha miaka hii yote. Nikichoka kufua, nakumbuka nilichaguliwa."

Nilikuwa nimevaa miwani. Nilimwona vizuri sana, kila mstari. Nikamwambia, "Ningeenda wapi, mama?" Akafunga macho akitabasamu, na wiki hiyo hiyo tukampeleka kwao kumzika. Sijui kama nilifanya vibaya. Nimeligeuza hilo kama saa iliyokataa kutembea, na kila nikilifunga linabaki na skrubu moja mezani.

Nimesema hayo yote kwa sababu ya Jumapili iliyopita. Mwende alikuwa ametoa lenzi asubuhi kama kawaida, tukaenda kanisani, na wakati wa kurudi nikamwambia tupitie upande wa reli. Pale kwetu pamejengwa, pakabomolewa, pakajengwa tena, jiwe halipo, lakini kuna mwanya kati ya nyumba mbili, na kutoka hapo tuta bado linaonekana. Nikamwambia simama hapa, usisogee, niambie tu baadaye ulichoona. Akasema, "Babu, ni mchezo?" Nikasema ni kupima macho.

Nikaenda. Nilipita pale palipokuwa na kamba, pale palipokuwa na choo. Magoti yalinisumbua kupanda tuta. Nikageuka. Hata na miwani yangu hii mizito, macho ya uzee hayanipi zaidi ya kitone chenye gauni la njano. Nikajua basi kwamba babangu aliniona vizuri kuliko mimi ninavyomwona huyu. Nikainua mkono, kiganja chini, nikaita. Nikaushusha. Nilitaka kuita mara tatu, nipate kujua inachukua muda gani, mtu kuita mara tatu na kungoja katikati.

Sikufika mara ya pili. Kile kitone cha njano kilishaanza kukua. Kikapata miguu, kikapata mikono, kikapata uso, anakuja mbio akiruka mitaro, viatu vya kanisa vimejaa matope, akafika akihema akanishika koti.

"Nilikuambia usisogee," nikasema.

"Lakini babu, si umeniita?"

Nikamshika mkono tukarudi Ayany taratibu. Jioni aliweka lenzi zake akalala, na mimi nikabaki nimeketi karibu na kile kisanduku cha vikombe viwili, nikinusa vidole. Na kwa mara ya kwanza, baada ya miaka yote hii, nikamwona. Amesimama juu ya tuta na koti la kijivu. Ana uso. Anaita mara ya kwanza na anangoja, maana mtoto labda amezubaa. Anaita mara ya pili, anainua mkono juu zaidi. Ananiona nimesimama kando ya jiwe langu, nimevaa akala alizonikatia yeye mwenyewe, nimemwelekezea macho kabisa, na sisogei. Anaita mara ya tatu. Kisha anashusha mkono, anauhamisha mfuko wa vyombo kutoka bega hili kwenda lile, anavuka reli, anaenda.